Mtu Kafumba Macho, Spika Unayo Wewe

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba siku hizi kuna maprodyuza wanalipwa kutengeneza muziki wa wagonjwa wanaotibiwa kwa uyoga ule wa kuonyesha maajabu huko ughaibuni, afu nikaendelea na habari zangu za spika za bei rahisi. Basi. Kuhusu spika hajauliza mtu, meseji zote zimeangukia kwenye ule mstari. Wawili mmenitukana, kadhaa mmeniomba namba ya muuzaji (sina, na msiniulize tena), ila zimekuja na barua za maana na ndo hizi hapa. Nimezifupisha na majina nimeyaacha, kama kawaida yetu.

Neno moja kwanza tusije tukapishana. Nikisema saikedeliki namaanisha dawa kama silosaibini, ambayo ndo imo kwenye huo uyoga, na LSD, na ndugu zao. Sio pombe, mtu halewi akayumba, ila masaa kadhaa yale aliyoyafungia ndani yanatoka, mazuri na mabaya, na muda unavurugika, na sauti yoyote ikiingia sikioni inaingia nzima nzima. Kwetu Tanzania na Kenya ni marufuku. Nimemaliza.

*

Shikamoo anti. Mi ni prodyuza, nyumbani Arusha ila sa hivi nipo Utrecht, Uholanzi. Nimezoea kupika singeli na gospo. Kuna watu wana kituo wanalaza wageni wanawapa zile trafeli, wanataka niwatengenezee muziki wa masaa sita bila kukatika. Masaa sita anti! Naanzia wapi?

Marahaba mwanangu. Kwa wasiojua, Uholanzi uyoga wenyewe walipiga marufuku mwishoni mwa 2008, ila trafeli, yani yale mafundo yanayoota chini ya udongo kwenye uyoga huohuo, sheria haikuyagusa, ndo maana biashara hiyo ipo wazi.

Unaanza kwa kuiweka singeli kabatini. Siitukani, naipenda, ila biti ya 200 na kitu kwa dakika mpe mtu aliyesimama mwenye viatu. Huyu wako amelala chali, amefungwa kitambaa machoni, na hawezi kunyanyuka akuambie punguza. Hicho ndo kitu cha kwanza uelewe kabla hujafungua programu yako: klabu mtu akichukia wimbo wako anaenda nje kuvuta sigara, huyu hana pa kwenda.

Masaa sita sio albamu ndefu. Kuna mama wa Kimarekani, Helen Bonny, alikuwa mpiga vayolini na mtaalamu wa tiba ya muziki, alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya akili kule Maryland enzi ambazo LSD inajaribiwa kwa wagonjwa. Yeye na daktari Walter Pahnke wana makala iliyotoka 1972 ambayo mpaka leo watu wa fani hii wanairudia, na walichofanya ni rahisi tu, walikaa wakaangalia dawa inampeleka mtu vipi saa kwa saa, wakaigawa safari kwenye hatua sita, kila hatua na muziki wake. Kabla dawa haijashika, inaposhika, inapopanda, kileleni, anaporudi, na pale ameshakuwa mtu wa kawaida anataka chai. LSD ilikuwa inaenda hata masaa 10 au 12, silosaibini ni fupi zaidi ndo maana wewe umeambiwa sita, lakini umbo ni lilelile.

Saa ya kwanza hamna kinachotokea, na hapohapo ndo mtu ana woga kuliko wakati wote, anasikilizia mwili wake, je imeanza, je bado. Mpe kitu chepesi, gitaa, kinanda, sauti ya joto, usimwonyeshe ufundi. Ikianza kushika anahitaji kitu cha kushikilia kama abiria wa daladala lililojaa, yani mwendo usiobadilikabadilika, anajua noti inayofuata itakuwa wapi. Ikipanda ndo unaongeza, tabaka juu ya tabaka, sentensi ndefu za muziki zisizo na haraka, na ukipandisha kitu kifike, usimpandishe mtu ukamwachia hewani sababu umeona inapendeza. Kileleni watu wa Johns Hopkins, chuo kikuu kule Baltimore kinachotafiti silosaibini, wanaweka kwaya kubwa na vayolini nyingi, Brahms, Bach, Samuel Barber, Górecki, vitu vizito. Mi naongeza na ukimya. Dakika nzima ya ukimya uliopangwa inafanya kazi kuliko kodi zako zote za kinanda, ila uwe umepangwa, usiwe wimbo umeisha na mwingine haujaanza, huo ukimya mwingine unamwangusha mtu shimoni. Akianza kurudi mpe binadamu, sauti za watu, familia, nyumbani. Ile listi ya Hopkins mwisho kabisa anaimba Louis Armstrong na ule wimbo wake wa dunia nzuri, na ukiwaza unaona waliowaza, mtu ametoka mbali, mpokee na babu anayetabasamu.

Sasa makosa. Nakujua we ni prodyuza wa Bongo, unaishi kwa lupu. Humu lupu ni jela. Muda wa huyu mtu umevutika, mzunguko wako wa sekunde nane kwake ni mchana mzima, na kama una kasauti kamoja kadogo kanajirudia atakasikia hako tu. Badilisha, hata kidogo, cheza kwa mkono, acha pumzi na kidole kuteleza kwenye waya visikike. Haihati kali, yale matoazi ya ngoma, toa. Beisi ya kutingisha kifua toa au ifanye iwe kama bahari kwa mbali. Maneno anayoyaelewa toa, sababu neno moja "usiniache" anaweza kukaa nalo masaa mawili. Na ile sauti yako ya kutaja jina la studio mwanzo wa biti, mwanangu nakuomba kwa jina la mama yako, toa.

Mambo ya mashine: nyimbo zipishane, ya pili iingie ya kwanza ikiwa inatoka. Kila kitu kiwe kimeshushwa kwenye kompyuta, intaneti izimwe, maana tangazo la mkopo wa simu kuingia saa ya tatu ni ukatili. Sauti zote zilingane ukubwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hopkins mgonjwa anavaa hedifoni na wakati huohuo muziki uleule unatoka kwenye spika za chumbani ili wanaomlinda wasikie anachosikia, na mi naona hiyo ndo akili, sababu usiposikia anachosikia utajuaje kinachomliza?

Na usiwape faili moja la masaa sita. Wape vipande. Wape vya akiba pia, vya kutuliza na vya kusukuma, halafu mtu akae na mkono kwenye volyumu. Nitalirudia hili huko mbele mpaka mnichoke.

Bei? Chaji kama muziki wa filamu, ila usitake jina lako likae mbele.

*

Sasa Auntie. Mimi ni wa Nairobi, nasoma saikolojia. Hizo playlist nimeziona online, ni Bach na Brahms tu. Kwani roho ya mtu ni ya Ujerumani?

Umenichekesha. Hapana, ila utafiti ulianza na watu wa aina fulani, na rekodi za nyumbani kwao, na kanisa la kwao, wakadhani hiyo ndo sauti ya mbinguni. Mi nikimweka mama yangu mdogo Tanga alale chini nimpigie ogani ya kanisa la Ulaya atauliza nani kafa. Mwingine wa Moshi aliyezikia ndugu zake kwa matarumbeta ya Kilutheri, ukimpigia tarumbeta umempeleka makaburini bila kumuuliza. Yani sauti haina maana peke yake, ina maana kwa mtu.

Na wao wenyewe Hopkins wameanza kujiuliza. Walichukua watu 10 waliokuwa wanataka kuacha sigara kwa msaada wa silosaibini, kila mmoja akapitia kikao kimoja na klasiko ya Ulaya na kingine na muziki wa patu, mabakuli ya shaba ya Tibet, didgeridoo lile baragumu refu la mti la Australia, vitu vya mwangwi mrefu ambavyo ndani ya sauti moja zinachomoza nyingine za juu. Kikao cha tatu wakaambiwa chagueni. Sita wakachagua mabakuli na patu. Kuacha sigara pande zote hawakupishana sana. Watu 10 ni wachache, usije ukaenda kubishana nao mtandaoni, ila angalau ile hoja kwamba bila Brahms hakuna uponyaji imekaa vibaya.

Utafiti ninaoupenda mimi ni wa Mendel Kaelen na wenzake wa Imperial College, London, wa 2018. Wagonjwa 19 wa sonona sugu, sonona ndo depresheni kwa Kiswahili cha hospitali, walipewa silosaibini na muziki, afu wakaulizwa kwa kina muziki uliwafanyia nini. Wengine walisema uliwabeba, wengine walisema kuna mahali ulikuwa unawavuta wasikotaka kwenda, wakapigana nao. Sasa sikiliza hapa. Wiki moja baadaye, aliyepata nafuu zaidi hakuwa yule ambaye dawa ilimpiga kwa nguvu. Alikuwa yule ambaye muziki ule aliupokea, aliuona unamfaa, ukamgusa. Wakauita muziki tabibu aliyejificha. Kaelen baadaye akaenda kufungua kampuni, Wavepaths, ya muziki unaobadilika kulingana na kikao badala ya listi iliyoganda, na sisemi ni nabii, ni mfanyabiashara sasa, ila ameshika penyewe.

Kwa hiyo ukimaliza shule usiulize muziki gani ni wa tiba. Muulize mgonjwa wiki moja kabla, utotoni kwenu mlikuwa mnasikia nini, na nini hutaki kusikia kabisa. Hilo swali la pili ndo watu wanalisahau.

*

Jambo yaya. Mimi ni mtoto wa Bukavu, niko Portland, Oregon, nasomea kazi ya kusindikiza watu kwenye silosaibini, huku ni ruhusa. Mwenzangu anatumia nyimbo za waganga wa Amazon alizozitoa YouTube, na mimi napiga kinanda nilitaka kuzikatakata nizitie kwenye muziki wangu. Ni vibaya?

Jambo ndugu yangu. Oregon walipiga kura 2020 na huduma zikaanza 2023, msindikizaji lazima awe na leseni, kwa hiyo soma vizuri mtihani wako.

Swali lako sitalijibu kwa ndiyo na hapana moja kwa moja, ngoja nikupe kisa cha bibi mmoja. María Sabina, Mmazateki, kijiji cha Huautla de Jiménez kwenye milima ya Oaxaca, Mexico. Alikuwa anatibu kwa uyoga usiku kucha gizani, na dawa yenyewe nusu ni uyoga nusu ni kuimba kwake, anaimba, anavuma, anapiga makofi, mpaka alfajiri. Mwaka 1955 akaja Mmarekani mfanyakazi wa benki, Gordon Wasson, akaruhusiwa kukaa, akarudi na mashine akarekodi, 1957 akaandika kwenye jarida la Life, na mwaka huohuo sauti ya bibi ikatoka kwenye santuri ya kampuni ya Folkways. Kilichofuata ni wageni kwa mamia wakipanda mlima kutafuta maajabu. Wanakijiji wakamlaumu, nyumba yake ikachomwa moto, na uzeeni alisema tangu wageni wafike uyoga umepoteza nguvu. Alifariki 1985, maskini vilevile. Santuri bado inauzwa.

Sasa nyimbo za mwenzako zinaitwa ikaro, na wanaojulikana nazo sana ni Washipibo wa mto Ucayali, Peru, wanaziimba kwenye ayahuasca, kinywaji chao cha kuonyesha maajabu. Mganga anakwenda kukaa mbele ya kila mgonjwa, mmoja mmoja, anamwimbia huyo, kwa anachokiona kwa huyo. Ukiirekodi umechukua dawa aliyoandikiwa mtu mwingine. Ni kama mimi nikukute Portland nakupa vidonge vya presha vya marehemu mjomba wangu sababu chupa ni nzuri.

Kuikatakata ndo mbaya zaidi, unakata maneno ambayo hujui yanasema nini. Kama unataka kabisa kufanya kazi na waimbaji hao, wapo waliorekodi wenyewe kwa hiari yao na wanauza, wasiliana nao, lipa, gawaneni mapato kwa maandishi. Ila kwa nini? We ni mtoto wa Bukavu, umekulia kwenye kwaya na gitaa la Kikongo, una mama aliyekubembeleza kwa Kishi au Kilega au lugha yoyote yenu. Mmarekani aliyelala hapo haelewi Kishi kama asivyoelewa Kishipibo, kwake ni sauti ya binadamu tu. Tofauti ni kwamba wewe unajua unaimba nini.

*

Anti, naandika kutoka Kwale. Mnazungumzia Mexico na Peru kana kwamba Afrika hatuna haya mambo. Hatuna?

Tunayo mwenzangu, na hii barua yako ndo iliyonifanya niache kula nikae niandike.

Ukitaka yenye dawa kamili nenda Gabon, kwenye Bwiti, dini ya Wamitsogo, Waapindji, na baadaye Wafang. Wao wanakula mzizi wa iboga. Muziki ni kinubi cha nyuzi nane kinachoitwa ngombi, na upinde wenye waya mmoja unaopigwa huku mdomo ndo kopo la mwangwi, na njuga na makofi, usiku mzima. Kinubi kwa Wafang ni mwanamke, mara nyingi kina kichwa kilichochongwa, na kinasemeshwa, hakipigwi tu. Mdundo unapishana kiasi kwamba ukitaka kuhesabu unapotea, na mi nadhani ndo lengo, akili inayopenda kuhesabu ichoke mapema. Msije mkakimbilia iboga lakini. Inavuruga mapigo ya moyo na watu wameshakufa.

Ila nataka nikuambie ya kwenu hapohapo Kwale, sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa Mdigo na mi nikiwa na miaka tisa kumi hivi nilikaa mlangoni nikaona kayamba. Wasiojua: kayamba ni kama kijamvi cha mabua yaliyofungwa pamoja, ndani kuna mbegu, unalishika kwa mikono miwili unalipepeta, na ngoma nzima ya kumtibu mtu mwenye pepo nayo inaitwa kayamba hivyohivyo. Mgonjwa alikuwa mama wa jirani, amekaa chini kafunikwa shuka, fukizo linafuka mbele yake. Hakunywa wala hakula chochote cha kuonyesha maajabu. Ni ubani na muziki.

Sasa kila pepo ana wimbo wake na mwendo wake, huyu wa Kiarabu, huyu Mmasai, huyu wa bara, na hujui mgonjwa ana nani. Kwa hiyo wanajaribu. Walipiga wa kwanza, mama kimya. Wakapiga, wakapiga, naona kama nusu saa, mi usingizi umeanza kunichukua, mzee anayeongoza akanyanyua kidole wakabadilisha. Wa pili, kimya. Wa tatu, bega la kushoto likatikisika chini ya shuka. Kidogo sana, mi nisingeliona kama bibi hakunifinya. Yule mzee aliliona, na hapohapo wakakaza palepale, hawakuongeza sauti, wakakaza mwendo, na yule mama akaanza kulia kilio ambacho mpaka leo nikikaa kwenye kompyuta yangu nakisikia.

Simjadili pepo, kila mtu na dini yake, na najua masheikh na wachungaji mnaosoma ukurasa huu mna maoni. Mi naongea kama fundi mitambo. Yule mzee hakuwa na listi. Au tuseme alikuwa nayo kichwani, nyimbo mia labda, ila aliyeamua inayofuata lilikuwa bega. Na hili ndo kaka wa Utrecht na ndugu wa Portland nawapigia kelele. Mganga wa Kishipibo anakaa mbele ya mgonjwa, María Sabina alikuwa gizani anasikiliza anayelia yuko upande gani, mzee wa kayamba anaangalia shuka. Faili la kompyuta halioni shuka. Unaweza kutunga kitu kizuri mpaka malaika wakaja kukaa na bado saa ya tatu kikawa hakimfai mtu huyu siku hii, na faili litaendelea tu, halina habari. Ndo maana nasema vipande, akiba, na mtu mwenye mkono kwenye volyumu ambaye anaangalia mabega badala ya simu yake.

*

Je nikisikiliza hizo playlist bila kutumia kitu chochote, sonona yangu itapona? Dodoma.

Kupona sikuahidi. Ila yule Helen Bonny niliyemtaja, utafiti wa LSD ulipofungwa Marekani alibaki na muziki mkononi akatengeneza njia ya kutibu bila dawa kabisa, unalala, unatulizwa, muziki unapigwa na unamsimulia aliyekaa pembeni unachokiona, na mpaka leo inafundishwa. Angalia hilo neno, aliyekaa pembeni. Usijifungie peke yako na kwaya ya dakika arobaini wakati umezama, inaweza kukuzamisha zaidi. Na kama unakunywa dawa za daktari usiziache kwa ajili ya kitu ulichosoma kwangu. Nenda kamwone, mpeleke na huu ukurasa ukitaka.

*

Shikamoo anti. Mimi ni nesi, hospitali ya wilaya, sitaitaja. Hatuna uyoga wala LSD lakini tuna ketamini kila siku, kwa operesheni ndogondogo. Wagonjwa wengine wakizinduka wanapiga kelele, wanasema wamekufa, wameona ndugu waliokufa. Chumbani kuna redio ya mhudumu inaita kutwa. Nimesoma mstari wako nikajiuliza, je redio inachangia?

Marahaba binti yangu, na barua yako imekuja ya mwisho lakini ningeiweka ya kwanza kama ningekuwa na akili.

Wanaosoma waelewe, ketamini ni nusu kaputi ya kawaida kabisa, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hospitali zetu nyingi zinaipenda sababu mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Marekani ndugu yake, esketamini, imeruhusiwa tangu 2019 kupulizwa puani kwa sonona sugu. Na ndiyo, ina tabia ya kumtoa mtu mwilini, watu wazima kuliko watoto. Kumbe wakati wenzetu wanajenga vyumba vyenye makochi na mishumaa, maelfu ya akina mama wetu wanapita safari kama hiyo juu ya kitanda cha chuma na hakuna aliyewaambia kwamba wanasafiri.

Dawa za kutuliza mgonjwa ni za mtaalamu wa usingizi, hapo siingii. Naingia kwenye redio. Jibu langu ni zima. Inajulikana siku nyingi kwamba anayezinduka na ketamini anatakiwa apate utulivu, mwanga kidogo, kelele kidogo, asishikweshikwe ovyo. Sasa waza, mtu yuko nusu huku nusu kule, hajui kama mwili ni wake, anasikia mhubiri anafoka kuhusu jehanamu, au matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Atasema amekufa, ametangazwa!

Fanya haya, hayana gharama. Kabla ya sindano mwambie: utahisi kama unaelea, utaota, itaisha, na mimi nitakuwa hapa. Mwambie kwa lugha ya nyumbani kwake kama unaijua. Muulize anapenda wimbo gani mpole, na kama hataki muziki, usiweke. Ukiweka, weka ala tupu kwa simu, sauti ya chini, uanze kabla hajalala na uendelee uleule mpaka azinduke, ili kule alikokwenda na huku anakorudi kuwe na kamba moja. Mi ningetumia udi au marimba ya polepole, lakini we unawajua watu wako. Simu iwe kwenye ndege mode, usiku mmoja tu mtu akupigie katikati utanikumbuka. Akianza kufungua macho, punguza muziki, taja jina lake, la nyumbani, sio namba ya kitanda, mwambie yuko wapi na ni saa ngapi.

Muziki ukiona unamkunja uso, zima. Usibishane nao.

Kuhusu mhudumu mwenye redio, najua huyo ni mkubwa kwako kwa umri na huwezi kumwamrisha. Mnunulie zile earphone za kuchomeka za buku tano, mpe kama zawadi, mwambie anti wa gazeti kakusalimia. Afu niandikie ilikuwaje.